Usimpike Broila kwa Moto wa Jogoo

Leo naingia jikoni. Kuna jambo linaniumiza kila niendako kwenye sherehe, ubatizo, au kwenye nyumba tu iliyopata mgeni. Kuku amenunuliwa kwa fedha nzuri, amechinjwa kwa heshima, mama amekaa jikoni tangu saa nne asubuhi, na bado kidari kinafika mezani kikiwa kikavu kiasi kwamba mgeni hakimezi mpaka anywe maji. Chakula cha heshima namna hiyo hakistahili kuishia hivyo, na dawa yake haihitaji jiko la gharama wala kiungo cha kutoka mbali.

Nianze na jambo ambalo wengi hulikataa wakilisikia mara ya kwanza. Kuku hukauka hata akiwa ndani ya maji. Unaweza ukajaza sufuria maji mpaka ukingoni, ukafunika, ukachemsha saa nzima, na nyama ikatoka kavu huku mchuzi ukiwa umejaa tele. Nyama mbichi ya kuku, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, na maji hayo yameshikwa ndani ya nyuzi za nyama yenyewe. Nyuzi zikipata joto hujikunyata, na kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyoyakamua maji yatoke, kama nguo mikononi mwa mfuaji. Maji ya sufuria hayaingii kuchukua nafasi ya yale yaliyotoka. Yanabaki nje, yanaitwa supu, na utamu wote wa kidari umehamia huko.

Wazee wa upande wa Serengeti walioanika nyama juani na moshini wakapata kimoro walikuwa wanaitoa nyama maji kwa makusudi, ili ikae muda mrefu bila kuoza. Ule ulikuwa ufundi, ulikuwa na sababu. Kidari cha Jumapili tunakila mchana huohuo, kwa hiyo hatuna sababu yoyote ya kukikausha.

Sasa joto lenyewe ni kiasi gani? Wapishi wa hoteli na kambi za watalii hutumia kipimajoto chenye sindano, wanachokichoma katikati ya nyama. Wanachotafuta ni sentigredi 74. Nyama ya kuku ikifika hapo mpaka katikati, vijidudu vinavyosumbua matumbo, kama salmonela, vimekufa, na kidari bado kina maji yake. Sasa linganisha na sufuria yako. Kwetu Tarime mjini pako mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka yakifika sentigredi 95 hivi, si 100 kama kule Dar es Salaam au Tanga. Lakini hata hiyo 95 iko juu sana kuliko 74. Kwa hiyo kipande cha kidari kilicho ndani ya maji yanayotokota kwa nguvu kinaivishwa haraka, halafu kinaendelea kukamuliwa dakika baada ya dakika, na wewe unadhani bado unakilainisha.

Hapo mtu ataniuliza, mbona bibi yangu alimchemsha kuku saa mbili akatoka mlaini, wa kunyonya mifupa? Swali zuri, na ndilo kiini cha mazungumzo haya. Bibi alikuwa anampika kuku mwingine kabisa.

Nenda kwenye mnada au soko lolote la wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti, chungulia kwenye tenga. Humo mna ndege wa namna nyingi na wote tunawaita kuku. Yupo jogoo wa kienyeji aliyekimbia uani mwaka mzima na zaidi, akaparura, akapigana. Yupo tetea aliyekwisha kuangua mara kadhaa. Yupo chotara, Kuroila au Sasso, mwenye mwili mkubwa na miezi michache. Yupo broila, ambaye umri wake ni wiki tano au sita tu tangu atoke kwenye yai. Na yupo mmoja anayewadanganya wanunuzi wengi, naye ni kuku wa mayai aliyechoka kutaga. Amefugwa bandani, kwa hiyo mnunuzi anamhesabu kuwa wa kisasa, wa kuiva upesi. Kumbe ana mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi. Huyu akipikwa dakika 20 atatafunwa kwa kazi, na mpishi atalaumiwa bure.

Ukitaka kujua umri wa kuku bila kumwuliza mwenye kuuza, shika ncha ya mfupa wa kidari, ile inayoelekea tumboni. Kwa kuku mchanga ncha hiyo ni laini, inapinda ukiibonyeza. Kwa kuku aliyekomaa ni mfupa mgumu usiopinda. Kwa jogoo, tazama pia ule mwiba unaoota nyuma ya mguu. Ukiwa mrefu na mgumu, huyo ni mzee wa boma.

Kuku anayetembea na kuzeeka hujenga ndani ya nyama yake utando mgumu unaozifunga nyuzi pamoja. Wataalamu wanauita kolajeni. Umri unavyokwenda utando huo hukomaa na kuwa sugu. Ukimpika kwa muda mfupi, nyama inakuwa ngumu. Lakini utando huo una tabia njema. Ukikaa kwenye joto kubwa kwa muda mrefu huyeyuka, ukawa ute mzito unaoizunguka nyama na kuilainisha. Ndio huo unaofanya supu ya jogoo ikipoa igande na kutikisika. Nyama ya jogoo ikipikwa sana imepoteza maji kama nyama nyingine yoyote, ila ute huo unakufanya uione laini na yenye unyevu. Bibi alikuwa na haki ya kuchukua saa mbili zake. Tena kwa maji yetu haya yanayochemkia 95, kazi hiyo huenda polepole zaidi kidogo kuliko pwani.

Broila hana utando mwingi wa kuyeyusha. Ameishi siku arobaini hivi, hajakimbia popote. Mchukue huyo umpe saa mbili za jogoo, utakuwa umeyakamua maji yake na hakuna ute wa kutosha kuziba pengo. Huo ndio ukavu tunaoulalamikia. Ndege amebadilika, muda wa sufuria tumeuacha ulevule.

Na hapa nisimame kidogo kwenye desturi moja ambayo imeenea kuanzia kwenye vibanda vya chipsi mpaka majumbani mwetu. Ni ile ya kumchemsha kuku mpaka aive kabisa, halafu kumtumbukiza kwenye karai la mafuta mpaka awe wa kahawia. Naielewa sababu yake. Kuchemsha kunaingiza chumvi na tangawizi, kunaondoa wasiwasi wa kuiva, kunakupa supu ya asubuhi, na kwa asiye na jokofu kunaifanya nyama isiharibike upesi. Kwa jogoo na kwa kuku wa mayai aliyechoka, ni njia nzuri. Kwa broila ni adhabu mara mbili. Amekamuliwa kwenye maji, akakamuliwa tena kwenye mafuta, na mafuta yana joto kubwa kuliko maji kwa mbali sana.

Sisemi tuache kuchemsha. Nasema tuchemshe kwa kiasi. Vipande vya broila viweke kwenye maji machache, yasiyofika hata kuvifunika, pamoja na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu. Yakianza kuchemka, punguza moto mpaka uone vipovu vidogo vinapanda kimoja kimoja. Usiache yarukeruke. Dakika 12 mpaka 15 kwa vipande vya kawaida zinatosha. Epua, acha vipande vikae ndani ya supu yake ukiwa umefunika, dakika nyingine kumi. Baadaye vitoe, vichuje, vipanguse mpaka vikauke kwa nje, ndipo uvitie kwenye mafuta yaliyopata moto vizuri, dakika tatu au nne, mpaka ngozi ishike rangi. Ngozi iliyolowa inayapoza mafuta, kipande kinakaa humo muda mrefu kikitafuta rangi, na wakati huo ndani kinakauka. Kupangusa tu kunakuondolea nusu ya tatizo.

Kupunguza moto kwenye kuni na mkaa si jambo la kugeuza swichi kama kwenye jiko la gesi, najua. Lakini kila mpishi wa mkoa wetu wa Mara anajua kuvuta kuni nje ya mafiga zibaki mbili, na kila mwenye jiko la mkaa anajua kufunga mlango wa chini au kufunika makaa kwa majivu. Ufundi huo tunautumia kwa wali na kwa maharage. Tukifika kwa kuku tunausahau, tunachochea kama tunachemsha maji ya kunyonyolea manyoya. Na ukipunguza moto, mkaa wako unabaki wa kupikia cha usiku. Kwa bei ya mkaa ya sasa, hilo peke yake lingetosha kukushawishi.

Nimetaja kunyonyoa. Maji ya kunyonyolea yasiwe yanatokota. Ukimtumbukiza broila kwenye maji yanayochemka, ngozi yake changa inaiva palepale na kuchanika ukivuta manyoya, na ngozi iliyochanika haiikingi nyama kwenye moto. Yawe maji ya moto usiyoweza kustahimili kwa mkono, lakini hayajafika kuchemka, na umzungushe humo kwa muda mfupi tu.

Jambo lingine la wakati huohuo ni mapumziko. Nyama ya kuku hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, kisha hulegea yenyewe. Ukiipika ikiwa katikati ya kukakamaa, inakuwa ngumu hata kwa kuku mchanga. Mwenye jokofu amchinje asubuhi ampike jioni, au amchinje leo ampike kesho, ataona tofauti kubwa. Asiye na jokofu asijaribu kuiacha nyama mbichi kwenye joto la mchana ili ipumzike, hasa jua likiwa kali. Ampike mara moja, kwa moto mdogo.

Sasa vipande. Kuku mmoja ana nyama za namna mbili, na tunazitia zote kwenye sufuria kwa wakati mmoja na kuzitoa kwa wakati mmoja. Kidari ni nyama nyeupe, haina mafuta mengi wala utando mwingi, inaiva mapema na kuharibika mapema. Paja lina mafuta na utando hata kwa broila, na ladha yake hutoka vizuri likipita sentigredi 80. Kwa hiyo anza na mapaja, mgongo na shingo. Filigisi, ambayo katika nyumba nyingi bado ni haki ya baba, itangulie peke yake mapema kabisa, maana ni msuli mgumu. Vidari vifuate dakika saba au nane baadaye, tena vikiwa vipande vikubwa na mfupa wake. Kidari kilichokatwakatwa vipande vidogo kabla ya kupikwa kitakauka upesi, hakuna mpishi atakayekiokoa. Kata baada ya kuiva.

Chumvi nayo ina wakati wake. Wengi tunaitia mwishoni, tukionja mchuzi. Ipake mapema, angalau saa moja kabla ya kupika, na ikiwezekana usiku uliotangulia kama una jokofu. Kwa kilo moja ya nyama, vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa vinatosha. Mwanzoni utaona majimaji yanatoka, usishtuke wala usiyamwage. Baada ya muda yanarudi ndani na chumvi yake, na nyama iliyoingia chumvi namna hiyo huyashika maji yake kwa nguvu zaidi ikipata moto. Kati ya yote ninayokuambia leo, kama utashika moja tu, shika hili la chumvi ya mapema.

Ndimu ni hadithi nyingine. Tunaipenda, inakata shombo, lakini nyama ikilala usiku kucha kwenye maji ya ndimu au limau, uchachu unaivisha nyuzi za nje kabla ya moto. Kuku anatoka na juu kumekauka na kukakamaa. Dakika 20 au 30 zinatosha. Kinachofaa kulala na nyama ni maziwa mgando, na sisi watu wa ng'ombe hatuna udhuru wa kuyakosa. Uchachu wa maziwa ni mpole. Changanya kikombe kimoja na chumvi, kitunguu saumu na pilipili, paka kuku wa kuchoma, mwache saa chache mahali pa baridi. Nyama itashika rangi nzuri na itabaki laini. Mkurya mwenye mtungi wa maziwa nyumbani asiende kununua viungo vya pakiti kwa ajili hiyo.

Kwa mwenye jogoo au kuku wa mayai aliyechoka, ushauri wangu unageuka. Huyo mpe muda bila huruma, ila moto uwe mdogo kwake pia. Chungu cha udongo kinafaa sana kwa sababu hakipandishi joto kwa pupa. Papai bichi, kipande kidogo kilichosagwa, hulainisha nyama ngumu. Watu wa pwani wanalitumia kwenye mishkaki. Likizidi, nyama inakuwa bokoboko. Na ukitaka kuokoa kuni, mchemshe jogoo nusu saa, kisha sufuria ikiwa bado inatokota na imefunikwa, iweke ndani ya kapu lililotandikwa mablanketi mazito pande zote, uifunge isipate upepo. Itaendelea kujipika yenyewe saa mbili mpaka tatu. Ukiitoa irudishe jikoni ichemke tena kabla ya kula. Utakuwa na supu ya kulia ugali wa mtama au wa muhogo, na nyama inayoachia mfupa.

Kuchoma nitapita haraka, maana wachomaji wa Sirari na Mugumu wanajua mengi kuliko mimi. Mpasue kuku mgongoni, mlaze bapa, mapaja yaelekee upande wenye makaa mengi na kidari upande wa makaa machache. Chanja mapaja, usichanje kidari. Akiiva mtoe umwache dakika kumi kabla ya kumkata. Ukikata palepale, maji yote yanaishia kwenye ubao.

Limebaki jambo la hofu, na nalichukulia kwa uzito, kwa sababu watu hupika kupita kiasi kwa kuogopa kuugua. Hofu hiyo ni ya haki. Kuku asiyeiva ni hatari, hasa kwa watoto, na mimi sikushauri hata kidogo ule kuku mwenye nyama ya waridi inayoteleza. Lakini jifunze alama sahihi. Choma paja pale lilipo nene, karibu na kiungo. Majimaji yakitoka meupe, na kiungo kikilegea ukikizungusha, na nyama ya kidari ikiwa nyeupe mpaka katikati, ameiva. Ule wekundu mweusi unaouona ukigusana na mfupa wa broila mara nyingi ni rangi ya uboho, kwa sababu mifupa yake bado michanga na inaipitisha. Haimaanishi hajaiva kama nyama yenyewe imebadilika. Wangapi wamerudisha sufuria jikoni nusu saa kwa ajili ya rangi hiyo! Hatari kubwa zaidi iko kwenye ubao na kisu kilichokata kuku mbichi kikahamia kwenye kachumbari bila kuoshwa, na kwenye maji ya kuoshea kuku yanayorukia vyombo. Hapo ndipo pa kuweka hofu yetu.

Kabla sijaaga, nikupe njia moja ya majirani zetu wa Uganda, maana Tarime ni nchi ya migomba na sioni kwa nini haijashika huku. Waganda wana chakula kiitwacho luwombo, ambacho husimuliwa kuwa kilitoka jikoni mwa Kabaka Mwanga katika miaka ya 1880. Wanachukua jani la mgomba, wanalipitisha juu ya moto mpaka lilegee, wanaweka ndani yake vipande vya kuku na mchuzi wake, mara nyingi wa karanga, wanalikunja na kulifunga kwa kamba ya mgomba. Furushi linakaa juu ya mvuke, halizami kwenye maji. Kuku anaiva kwa upole, na kila tone linalomtoka linabaki ndani ya jani, na mchuzi huo unaula pamoja naye. Mapaja ya broila au ya chotara ndiyo yanayopendeza zaidi humo, na huna haja ya mafuta hata kijiko kimoja.

Jumapili hii basi, msikilizaji, angalia kwanza ni kuku gani uliye naye, umpake chumvi mapema, vuta kuni nje zibaki mbili, na uvitie vidari baada ya mapaja. Wiki ijayo simu za kipindi zitakuwa wazi, na ningependa kuwasikia kwanza mama lishe wa Sirari, Nyamongo na Mugumu, maana ninyi mnapika kuku wengi kwa siku moja kuliko sisi kwa mwezi. Broila wenu mnamwepua baada ya dakika ngapi?